Bunda Moja la Karatasi

Fremu iko mkono wa kushoto, hatua thelathini kutoka geti la chuo.
Nilizihesabu kwenda na kurudi,
na kurudi zikawa thelathini na mbili
kwa sababu ya kilima.

Kodi elfu sitini. Umeme juu yangu.
Batuli amenishikia hadi Ijumaa:
"Hapa Lushoto mwenye mashine ya kopi ni mmoja,
na mashine yake inakohoa.
Wanafunzi wanapanga foleni, tasnifu kwapani,
kama wagonjwa wa zahanati.
Njoo, shoga. Riziki haimfuati mtu na pikipiki."

Barabara ya Nane nimekaa miaka kumi na saba.
Hapa Ngamiani najua nani kafiwa
kabla turubai halijafungwa:
mtu huja na picha ya pasipoti, anataka ikuzwe.
Simuulizi ya nini. Nampunguzia mia tano.
Kule nitamkuzia nani picha?
Nitatoa kopi za mitihani ya mwaka jana,
vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu
watakaoondoka baada ya miaka mitatu
bila kuniaga,
na ndivyo inavyotakiwa.

Nilipanda mwezi wa nane, kuonja.
Nikakuta likizo.
Mji umefungwa kama duka la mtu aliyekwenda hija.
Mama Shekue wa maandazi akanipa benchi zima peke yangu.
"Mwezi huu nakaanga kumi," akasema, "nakula nne."
Kicheko chake kikatoa mvuke.
Nilikuwa na kanga mbili juu ya sweta ya kuazima
na bado mifupa ikanisuta.

Lakini zile karoti, na udongo mweusi kwenye ndevu zake.
Lakini ule usingizi!
Bila feni, bila mbu,
usingizi wa mtu aliyemaliza madeni.

Baba alinunua kiwanja chetu kwa kusikiliza king'ora.
Kiwanda kikilia, mtaa mzima unaamka na ajira.
"Penye king'ora hapana njaa."
Kikanyamaza nikiwa darasa la sita.
Baba akaendelea kuamka saa ileile,
anavaa buti, anakaa barazani,
mpaka soli zikapasuka bila kutembea.
Na mimi sasa nataka kuhamia penye kengele.
Wakifuta kozi, wakikihamisha chuo,
nitamtolea kopi nani, ukungu?

Hapa nako:
vijana wanapiga picha ukurasa kwa simu,
juu ya kaunta yangu, chini ya taa yangu,
halafu wananiambia asante.

Nikamuuliza mwanangu Mhina, yuko kidato cha pili.
"Mama, wewe ushaamua. Unatafuta shahidi."
Nikamfukuza akachote maji.

Kisha fundi Kibwana akaja kusafisha mashine,
akasema, kichwa kikiwa ndani ya mlango wake:
"Ukungu wa kule mbaya. Karatasi huunywa.
Ikishakunywa inajikunja, na mashine inaitafuna."
Akanidai elfu kumi na tano.
Neno lile alilitoa bure.

Jumatatu nikampa utingo wa basi la asubuhi
bunda moja, nimelichana gamba,
nimeandika juu kwa kalamu nene: BATULI. USIFUNIKE.
Alilaze kwenye rafu ya fremu ile,
dirisha wazi, usiku tatu.
Karatasi ikiamka imenyooka, nakuja.

Leo Alhamisi. Simu iko hapa, kando ya stepla.
Ndio kwanza nakumbuka kwamba sikumwambia
ikijikunja itakuwaje.
Wala sikumwambia kuwa nimeshauliza sokoni
lori la kabichi linarudi tupu siku gani,
na mashine ya kilo mia na kumi
hubebwa na wanaume wangapi.